Bibi Namsifu, Kaimu Gari

Nchi ninayoisimulia si yako, ndugu msomaji, kwa hiyo kaa kwa raha zako, usigeuke geuke kutazama nani anasikiliza. Ni nchi ya mbali, haina jina, na mimi ni raia wake mwaminifu. Serikali yake naipenda. Hata ikinikanyaga huwa naiomba radhi kwa kuweka mguu wangu pale ilipotaka kupita.

Katika nchi hiyo kuna mtaa unaoitwa Makorongo. Korongo liko huku na jingine liko kule, na sisi tumebanwa katikati. Kuingia kwetu ni kwa miguu, juu ya magogo yaliyofungwa kamba. Baiskeli unaibeba begani. Mbuzi wamejifunza kuvuka, ng'ombe tulishakata tamaa nao. Gari halijafika Makorongo tangu dunia iumbwe, na watoto wetu wakiliona linapita ng'ambo huacha kucheza wakasimama kulitazama mpaka limepotea.

Kanisa tunalo. Ni dogo, walilijenga babu zetu zama zile ambapo watu walikuwa wachache na dhambi zao zilikuwa chache. Siku hizi vyote viwili vimeongezeka, kwa hiyo kila Jumapili nusu ya usharika hukaa ndani, na nusu nyingine hukaa nje chini ya madirisha, kivulini pa migrevea. Mimi ni wa ndani. Naimba besi kwenye kwaya, na mwalimu wetu alisema besi yangu ikisikika kutoka nje watu watadhani fahali wa jirani amefungua kamba.

Bibi Namsifu alikuwa wa nje.

Huyu bibi lazima nimweleze vizuri, maana mambo yote haya yalimwangukia yeye. Ni mjane, mkali wa ulimi, mlaini wa moyo, na analea mjukuu mmoja, Elineema. Mama yake Elineema alifariki mtoto akiwa hajaota hata jino, na baba yake alivuka magogo siku moja kwenda kutafuta kazi, akaendelea kuitafuta mpaka leo. Mwaka huo Elineema alikuwa anamaliza mafundisho ya kipaimara.

Sasa, kipaimara kwetu kina desturi yake. Mtoto akipiga magoti mbele ya mchungaji, mzazi wake husimama nyuma na kumwekea mkono begani. Mkono usipokuwepo, mtoto haombewi. Anarudi kukaa, anasubiri mwaka mwingine, na mwaka mwingine tena, mpaka mkono upatikane. Wazee walisema mtoto hapelekwi mbele za Mungu kama kifurushi kisicho na mwenyewe. Binti yake Bibi Namsifu, huyo mama yake Elineema, alipopata kipaimara, aliyeweka mkono alikuwa marehemu mumewe. Bibi mwenyewe alikosa nafasi, akabaki dirishani.

"Nilichokiona ni kisogo cha mume wangu," hupenda kusema, "na kisogo chake nilikuwa nakitazama nyumbani kila siku bure."

Basi akamwendea Mchungaji Kihwele, mtu mpole sana, mpole kupita kiasi, mtu wa kuuomba radhi mlango akiugonga. Akamwambia: "Baba Mchungaji, maisha yangu yote nimemsikiliza Mungu kwa sikio moja, hili la upande wa dirisha. Safari hii naingia. Elineema hana mkono mwingine wa kuwekewa begani ila huu hapa. Panueni hilo kanisa."

Tukakubaliana. Tukafyatua matofali, tukabeba mchanga kutoka korongoni, akina mama wakapika uji, vijana wakachimba msingi. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka tulipofanya kosa moja kubwa, kosa la watu wenye tabia njema.

Tuliomba kibali.

* * *

Kabla sijaendelea, nieleze jinsi nchi yetu inavyotawaliwa, usije ukacheka pasipo na kichekesho. Kwetu hakuna mtu mwenye cheo chake mwenyewe. Kila mmoja anakaimu. Tuna Kaimu Waziri, Kaimu Mkurugenzi, Kaimu Bwana Shamba, Kaimu Mfagiaji. Ni utaratibu wa busara sana. Mwenye cheo kamili akiharibu, unamlaumu. Kaimu utamlaumu vipi, wakati yeye kashikilia tu kiti mpaka mwenyewe aje? Na mwenyewe haji. Nimewahi kuhudhuria maziko ya Kaimu Bwana Shamba mmoja, aliyekaimu tangu akiwa na nywele nyeusi. Kaimu Mkuu wa Wilaya alisoma wasifu wa marehemu mwingine kabisa, na hakuna aliyelalamika, si wafiwa wala marehemu.

Ombi letu la kibali lilimfikia Mheshimiwa Gelasius Mtutuma, Kaimu Waziri wa Majengo Endelevu na Maegesho, naye akaamua kuja mwenyewe. Msafara wake wa magari uliishia ng'ambo ya korongo. Mheshimiwa akavuka magogo kwa kutambaa, suti na tai, na kwa kuwa king'ora kilibaki kwenye gari, askari wake alitangulia mbele akikipiga kwa mdomo: "Wiiiu! Wiiiu!" Tulipisha njia, maana sheria ni sheria.

Akapanda juu ya rundo la matofali yetu, akakohoa kidogo.

"Itifaki imezingatiwa," akaanza. "Ndugu wananchi wa Makorongo! Dunia inapata joto. Nani anaipasha?"

Mchungaji Kihwele akainamisha kichwa, tayari kuungama.

"Ninyi!" Mheshimiwa akasema. "Mnajenga ovyo ovyo! Serikali haitakubali. Kanisa hili litakuwa endelevu. Litatumia umeme wa jua. Litavuna maji ya mvua. Litatunza miti. Na zaidi ya yote, litakuwa na maegesho ya magari! Nawauliza, kanisa lisilo na maegesho ni nini?"

Akajijibu mwenyewe:

"Ni pango la watembea kwa miguu!"

Tukapiga makofi. Hatukuwa tumejua kwamba kutembea kwa miguu ni aibu, tukafurahi kuelimishwa.

Bibi Namsifu akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, samahani. Hayo magari yatapitaje kwenye magogo?"

"Bibi, swali zuri," Mheshimiwa akamjibu akitabasamu. "Lakini hilo ni la Wizara ya Barabara. Sisi wa Maegesho hatuingilii kazi za wenzetu."

Kisha akatusomea kanuni. Eneo la maegesho lisipungue mara tatu ya eneo la ibada. Mchungaji Kihwele akanong'ona kwamba kiwanja chetu ni kidogo. Tukipanua kanisa, maegesho yatakosa mahali. Mheshimiwa akamshika bega kwa huruma.

"Mchungaji, nyie mna mawazo ya kizamani. Mnafikiri upanuzi lazima uongeze. Kanisa likipungua kidogo, maegesho yanapata nafasi, kanuni inatimia, na kibali cha upanuzi kinatoka. Sasa hapo umepanuka au hujapanuka?"

"Nimepanuka, Mheshimiwa," akasema Mchungaji. Jamani, upole nao una mwisho wake, lakini wa Mchungaji Kihwele ulikuwa bado haujafika huko.

* * *

Kazi ikaanza. Ukuta wa mashariki tuliusogeza nje kidogo, kama tulivyoomba. Ule wa magharibi tukausogeza ndani kidogo zaidi, kama walivyotaka wao. Benchi moja likakosa mahali, tukalitoa.

Migrevea yote ilikatwa, kwa sababu ilikuwa inayazibia magari mwanga na kuzizuia sola kuona jua. Pale ulipokuwa mgrevea mkubwa kuliko yote pakasimikwa bango la chuma: PANDA MTI. Halafu yakaja madirisha. Wataalamu walituambia kwamba magari mengi namna ile yatapiga kelele na kuwasumbua waumini, na hivyo madirisha ya upande wa maegesho yakazibwa kwa matofali. Bibi Namsifu alisimama akitazama dirisha lake likipotea tofali baada ya tofali.

"Msiwe na wasiwasi," akasema. "Mimi mwaka huu naingia ndani. Dirisha la nini tena?"

Sola zilifungwa juu ya paa na kufunikwa vitambaa vya rangi za bendera. Kwetu kitu hakifanyi kazi mpaka kizinduliwe. Jua liliwaka kweli kweli miezi ile, likichoma vitambaa, nasi wanakwaya tulifanya mazoezi ndani gizani, maana madirisha nayo yalikuwa yamezibwa. Tangi la kuvuna mvua liliwekwa katikati ya kiangazi. Halikuwa na tone. Lakini agizo likatoka kwamba siku ya uzinduzi Mheshimiwa atafungua bomba, na maji yatoke. Basi akina mama wakashuka korongoni na ndoo, wakapanda nazo vichwani, wakayavuna maji ya mvua kwa njia hiyo. Bibi Namsifu alichota pamoja nao. Magoti yake yalilia, yeye hakulia.

Mchungaji Kihwele alimsihi apumzike.

"Nikipumzika uzinduzi utachelewa," alimjibu. "Uzinduzi ukichelewa kanisa halifunguliwi. Kanisa lisipofunguliwa Elineema hapati kipaimara. Nipishe na ndoo yangu, baba."

Maana Wizara ilikuwa imekwisha tangaza: kipaimara na uzinduzi ni siku moja, ili Mheshimiwa asitambae mara mbili.

* * *

Ikabaki wiki moja. Mheshimiwa akaja kukagua, akayakuta maegesho yetu: yamesakafiwa, yamechorwa mistari myeupe, yamefagiliwa, hayana hata gari moja. Akapauka.

"Hii ni nini? Maegesho matupu? Mnataka niandikwe kuwa nimezindua maegesho hewa?"

"Mheshimiwa, magari hayawezi kuvuka," Mchungaji akasema.

"Visingizio! Waziri akikosekana, serikali inasimama?"

"Haisimami."

"Kwa nini?"

"Kuna kaimu, Mheshimiwa."

"Sasa gari likikosekana?"

Hapo ndipo nilipoivulia kofia serikali yangu. Nchi nyingine wangejenga daraja. Sisi tulipata ufumbuzi kabla ya chakula cha mchana. Wale waumini wote waliozoea kukaa nje, ambao kanisa jipya nalo halikuwa na nafasi yao, waliteuliwa kuwa Makaimu Gari. Walipangwa kila mmoja kwenye chumba chake cha mistari, ukaletwa usukani uliong'olewa kwenye lori bovu, na kila mmoja akauwekea mkono na kuapa: kwamba atakuwa gari mwaminifu, atakaa ndani ya mistari yake, na hatatoa siri za injini.

Zamu ya Bibi Namsifu ilipofika, aliutazama usukani, akamtazama na Mheshimiwa.

"Mimi sioni vizuri, sisikii vizuri, na kuwaka asubuhi ni kwa shida. Nitakuwaje gari?"

"Bibi, hata magari ya serikali ni hivyo hivyo."

"Na nisipoapa?"

"Maegesho yatakuwa na upungufu. Uzinduzi utaahirishwa, na kipaimara nacho."

Bibi akavuta pumzi. Akamtazama Elineema, aliyekuwa amesimama na wenzake wa kipaimara, mikono mifukoni, uso umemvimba kwa hasira.

"Haya," akasema. "Nilishawahi kuishi na mama mkwe. Siwezi kushindwa kuwa gari."

Akaapa. Tulimpigia makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, na nikikumbuka naona haya.

* * *

Siku ikafika. "Wiiiu! Wiiiu!" tukajua Mheshimiwa yuko kwenye magogo. Bibi Namsifu alikuwa amevaa gauni jipya la kitenge, kichwani kilemba cha heshima, na mkono wake wa kulia aliupaka mafuta mpaka ukang'aa.

Mheshimiwa akafungua bomba la tangi. Maji ya korongoni yakatoka, na kiluwiluwi mmoja ndani yake.

"Mnaona?" akapaza sauti. "Mvua imetii sera!"

Akavuta kamba, vitambaa vikaanguka kutoka kwenye sola. Taa haikuwaka. Tukaelezwa kwamba betri ina uzinduzi wake, itakuja kuzinduliwa na kaimu mwingine. Kisha akakagua maegesho. Alipita mbele ya Makaimu Gari, mikono nyuma, akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Magari yasiyotoa moshi," akasema, na machozi yakamlengalenga. "Dunia nzima inayatafuta. Sisi tunayo."

Mzee mmoja akakohoa. Ikaamriwa apelekwe gereji.

Kengele ikalia, ibada ikaanza. Watoto wa kipaimara wakaingia kwa mstari, mashati meupe, Elineema wa mwisho. Bibi Namsifu akatoka kwenye mistari yake akaelekea mlangoni. Mlangoni alisimama Zakayo, kijana wa jirani, ambaye siku hiyo alikuwa Kaimu Askari wa Barabarani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nipishe, mjukuu wangu ananingoja."

Zakayo akajikuna shingo. "Bibi, samahani. Magari hayaingii kanisani."

"Nani gari?"

"Si uliapa, bibi? Na mimi nilikuwepo."

"Zakayo! Wewe si nilikubeba mgongoni mama yako alipougua?"

"Ndiyo, bibi. Nakumbuka. Ulikuwa gari zuri tangu zamani."

Nilikuwa nimesimama na kwaya karibu na mlango, niliyasikia yote. Ningeweza kusema neno. Nilifungua kinywa, na kilichotoka ni besi ya wimbo wa kwanza. Bibi alisimama pale nje, kati ya mlango uliofungwa na ukuta usio na dirisha, akisema, "Mwambieni basi Mchungaji asubiri. Mwambieni asubiri kidogo," mpaka Zakayo alipomrudisha kwenye mistari yake.

Ndani, watoto waliitwa mmoja mmoja. Kila mmoja alipiga magoti, mzazi akasimama nyuma, mkono begani, sala, amina. Wazazi wa watoto wengine walikuwa watu wa ndani, hawakuwa na shida. Akaitwa Elineema. Akapiga magoti. Mchungaji Kihwele akafungua kitabu, akatazama nyuma ya mtoto, akakuta patupu. Akasubiri. Jasho likamtoka.

"Hana mkono?" Mheshimiwa akauliza kutoka kiti cha mbele.

"Bibi yake yupo nje, Mheshimiwa. Ni... ni gari."

"Basi tatizo liko wapi?" Mheshimiwa akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Nitakaimu mimi."

Na kweli akaenda, akasimama nyuma ya Elineema, akamwekea begani mkono wake mnene wenye pete. Wapiga picha wakasogea. Hivyo ndivyo nchi yetu ilivyompata Kaimu Bibi wa kwanza katika historia yake, na mimi nikiwa shahidi.

Elineema akageuza kichwa, akamtazama kutoka chini mpaka juu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu!" Mheshimiwa akaitika kwa furaha, akiwageukia wapiga picha.

"Bibi, mama yangu aliitwa nani?"

Mheshimiwa akatabasamu. Akaendelea kutabasamu. Akamgeukia msaidizi wake, msaidizi akapekua kurasa za hotuba, mbele na nyuma, akatikisa kichwa.

"Suala hilo," akasema Mheshimiwa, "linafanyiwa kazi."

Elineema akauondoa ule mkono begani mwake, taratibu, kwa adabu, jinsi unavyomtoa mdudu kwenye shuka. Akasimama, akatembea katikati ya mabenchi mpaka mlangoni, akatoka.

Mchungaji Kihwele akabaki ameshika kitabu. Alipatazama pale mtoto alipokuwa amepiga magoti, akamtazama Kaimu Waziri, akautazama mlango. Sijui kilichopita moyoni mwake, ila nilimwona akikunja pindo la joho lake kama mtu anayetaka kuvuka maji. Akatoka. Hakuaga. Watoto wakamfuata, wazazi wakawafuata watoto, kwaya ikafuata wazazi. Mimi nilichelewa kidogo, kwa heshima ya serikali, halafu nikatoka mbio.

Nyuma yetu sauti ya Mheshimiwa ilisikika ikimwambia msaidizi wake: "Andika! Kanisa limepanuka. Nafasi ipo tele."

Kule nje Elineema alikuwa amepiga magoti katikati ya maegesho, juu ya sakafu iliyochomwa na jua, wala hakuchagua mstari. Mchungaji akasimama mbele yake. Makaimu Gari wote walikuwa wamebaki kwenye vyumba vyao, wanaogopa kiapo. Bibi Namsifu peke yake ndiye aliyetoka. Alikuja na magoti yake mabovu akiikanyaga mistari myeupe, mmoja baada ya mwingine, akaja mpaka nyuma ya mtoto.

"Mama yangu aliitwa nani?" Elineema akauliza bila kugeuka.

"Aliitwa Ndeshi," bibi akasema. "Na alikuwa mbishi kama wewe. Inamisha kichwa, uombewe."

Mchungaji Kihwele akasali, kwa sauti ambayo hatukujua kwamba anayo. Tukaitikia amina, watu wa ndani na wa nje tukiwa mahali pamoja kwa mara ya kwanza. Nililia. Sisemi kwamba vumbi liliniingia machoni, nililia.

Ndipo Zakayo akafika, filimbi mdomoni, uso umejaa aibu na wajibu.

"Bibi, unisamehe, ni kazi tu. Umetoka kwenye mstari wako, umekata mistari yote hii, na hukuonyesha ishara."

"Ishara nimeonyesha, mwanangu," Bibi Namsifu akamjibu. "Nilinyoosha mkono. Tazama, bado nimeunyoosha."

Zakayo akatazama. Mkono wa bibi ulikuwa begani mwa Elineema, na haukuwa na haraka ya kutoka.